Wa Chini ya Ishirini na Nane

Daktari Simeon Murunga alikuwa na sheria moja katika chumba chake cha kuzalia, na hakuna aliyewahi kumwona akiipinda: mtoto wa chini ya wiki ishirini na nane haanzwi. Neno lenyewe lilikuwa hilo. Hakusema haokolewi, maana kuokoa aliliona ni neno la kanisani, wala hakusema anaachwa, maana hilo lingemchoma. Haanzwi. Havutwi kamasi, hapulizwi pumzi, hapandishwi kwenye mizani. Mkunga humfunga kwa kitambaa safi na kumlaza katika beseni la enameli lililotandikwa pamba, na beseni huwekwa kwenye meza ya dirishani, upande jua linapoingia asubuhi. Mama huambiwa mimba imetoka. Kisha kazi inaendelea.

Usidhani alikuwa katili. Mwaka wa 1969, akiwa daktari mchanga katika hospitali moja kubwa, alimwanza mmoja wa namna hiyo. Mtoto alienea kwenye viganja viwili. Murunga alimpulizia pumzi kwa kinywa chake mwenyewe, mtoto akaanza kupumua, wauguzi wakashangilia kana kwamba bao limeingia. Siku ya tatu ngozi ikaanza kuchubuka. Siku ya tano damu ikamtoka puani. Siku ya tisa akafa, na siku zote hizo tisa mama yake alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, maziwa yakimlowesha gauni, akiambiwa na daktari mchanga yule yule kwamba matumaini yapo. Murunga aliona aibu mpaka akatamani kuacha kazi. Hakuacha kazi, akatunga sheria.

Wenzake walikuwa na maneno mengi juu ya jambo hili. Wapo waliosema kila kinachopumua kipewe nafasi, na wengi wa hao walikuwa wakifundisha chuoni na saa kumi jioni wako nyumbani kwao. Wengine walisema wazazi waulizwe. Hao ndio waliomkasirisha zaidi. "Umwulize mama aliyelala na damu miguuni kama mtoto wake afe?" alikuwa akisema. "Huko si kumheshimu. Huko ni kumtwisha mzigo wako, kisha wewe uende ukanywe chai." Na ukweli usemwe, hoja alikuwa nayo. Nyumba yake ya uzazi, majengo matatu ya mawe yaliyojengwa na kanisa pale Kawangware, ilikuwa na mtungi mmoja tu wa oksijeni, na mtungi huo ulikuwa wa akina mama wanaovuja damu kama ulivyokuwa wa watoto. Ukiisha Jumatatu, mwingine huja Ijumaa, Mungu akipenda.

Na wiki zenyewe? Wiki zilikuwa kwenye kadi. Bila kadi ya kliniki hapakuwa na kitanda. Kadi ilitolewa Jumanne, kwa mwanamke aliyeanza mapema na kurudi kila mwezi apimwe tumbo, na kila mara muuguzi aliandika pale chini mimba imefika wiki ngapi. Utaratibu mzuri kabisa, kwenye karatasi. Lakini Jumanne ni siku ya kazi, na mwanamke wa Kibera anayefulia watu nguo mtaa wa Woodley akikosa Jumanne moja, Jumatano anakuta mwingine ameinamia karai lake. Murunga hakuwahi kulifikiria hilo, ingawa yeye mwenyewe alizaliwa na mama aliyepalilia mashamba ya watu. Kusoma nako kuna kusahau kwake.

Basi Alhamisi moja ya mwezi wa Juni mwaka wa 1976, baridi ikiwa imeshika kweli kweli, wanawake wawili walifika langoni saa tatu asubuhi. Walikuwa wametoka Sarang'ombe, Kibera, kwa miguu, wakavuka Barabara ya Ngong, na kila hatua mia moja mmoja wao alisimama akainama na kushika magoti. Mwenzake alivaa koti la kiume lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Huyo wa koti alitoa kadi kifuani, akamtia mwenzake mkononi, akamnong'oneza jambo, kisha akabaki nje ya lango. Bawabu alimkaribisha ndani akae. Akakataa.

Mkunga wa zamu alikuwa Sista Musimbi, mwanamke wa Maragoli wa miaka hamsini na ushei, aliyeanza kupokea watoto kabla daktari wake hajaota ndevu. Kazi yake ilikuwa chumba cha kuzalia peke yake. Kliniki ya Jumanne ilikuwa na wauguzi wake, na nyuso za huko hakuzijua.

"Jina, mama?"

Mwanamke akameza mate. "Mildred," akasema. "Mildred Awiti."

Daktari Murunga aliichukua kadi, akaisoma akiwa amesimama. Wiki ishirini na sita, Jumanne ya juzi tu, mwandiko safi, mhuri juu yake. Akamrudishia Musimbi. "Huyu ni ishirini na sita," akasema kwa sauti ya chini. "Tumsaidie mama."

Musimbi akaelewa. Akaenda kutandika pamba kwenye beseni.

Uchungu haukuchukua muda. Ila mama mwenyewe alikuwa na jambo la ajabu: akiitwa haitiki. "Mildred, usisukume bado," Musimbi anasema, naye anasukuma. "Mildred! Mildred, nasema ngoja!" Wapi. Musimbi akajisemea kwamba leo amepata mgonjwa kiziwi. Saa nne kasorobo mtoto akatoka, wa kike, akatoa sauti nyembamba mara moja, akanyamaza, kisha akatoa tena.

Murunga alikuwa upande wa mama, mkono juu ya tumbo, akingojea kondo la nyuma. Hakugeuka. "Kitovu, Sista. Kisha dirishani."

Kitovu kikakatwa. Beseni likaenda dirishani.

"Pole, Mildred," daktari alisema, na alisema kwa upole, maana upole hakuwa ameutupa. "Mimba imetoka. Ilikuwa changa mno."

Mwanamke aliinua kichwa. "Changa? Lakini daktari, mimi nimebakisha..." Akakatiza. Macho yake yakaenda kwenye kadi iliyokuwa juu ya kabati, yakarudi. Akaanza tena kwa sauti ndogo. "Lakini si analia?"

"Hiyo ni hewa tu inatoka. Hasikii maumivu."

Akalaza kichwa. Machozi yakamwingia masikioni, naye hakuyafuta. "Niitie dada yangu," akamwambia Musimbi. "Yuko huko nje kwa geti. Ako na koti."

Kabla ya kwenda, Musimbi alipita dirishani. Ilikuwa desturi yake kuwaombea, maneno machache ya Kimaragoli, kisha humfunika mtoto uso. Safari hii kitambaa kilikuwa kimelegea na mguu mmoja umejitokeza nje, na alipotaka kuurudisha ndani akauona unyayo. Akauinamia. Akaugeuzia kwenye mwanga.

Sasa, jambo la nyayo alifundishwa na Murunga mwenyewe, miaka mitatu nyuma, siku ambayo daktari alisoma jarida fulani akafurahi kama mwanafunzi. Alimchorea nyuma ya kalenda. Mtoto aliyekuja mapema sana, alimwambia, unyayo wake ni laini tupu. Kadiri wiki zinavyosonga mistari huanza chini ya vidole na kushuka kuelekea kisigino. Unyayo haudanganyi, Sista. Hayo yalikuwa maneno yake.

"Daktari," Musimbi akasema, "njoo uone huu unyayo."

"Kadi inasema nini?"

"Kadi nimeisoma. Unyayo huu una mistari mpaka katikati."

Murunga alikuwa ameshavua glovu moja. Hakusogea. Na hapa lazima tumwelewe, hata kama hatumpendi. Alijua kwamba kila mkunga mwenye moyo huona mstari, huona ukucha, huona jicho limefunguka. Alijua pia kwamba daktari akishakwenda kutazama, mikono yake itafanya ile kazi iliyofundishwa, na siku ya tisa atakuwa kwenye benchi akimdanganya mama wa mtu. Kutazama ndiko kuanza. Kwa hiyo hakutazama, miaka minne sasa tangu apewe nyumba hii, na aliamini kwamba kutotazama kwake ni namna ya ujasiri.

"Sista," akasema, "tulikubaliana."

"Tulikubaliana," Musimbi akajibu, na akatoka nje kumwita wa koti, huku mdomo ameubana. Alipopita mlangoni alisema, si kwa mtu fulani, "Basi angalau tumpime."

Hakuna aliyempima. Daktari aliketi kwenye kiti cha pembeni, akafungua rejista, akaanza kuandika. Dirishani kile kisauti kilikuja, kikakoma.

Yule wa koti alipoingia alikuwa akitweta, na kwa haraka ya kupanda ngazi alikuwa amefungua vifungo. Chini ya koti kulikuwa na tumbo la mimba, si kubwa sana, lakini mimba haifichiki kwa mkunga. Musimbi aliliona. Mwanamke akaenda moja kwa moja kitandani.

"Jentrix," akamwita kwa kunong'ona.

"Imeenda," yule wa kitandani akasema. "Wamesema ilikuwa changa."

"Nani amesema changa?"

"Kadi."

Wa koti akasimama pale. Akatazama beseni. Kitambaa kikatikisika kidogo, kikatulia. Alikuwa mtu mzima, mama wa watoto wawili, mke wa Oyoo seremala, na alijua vizuri sana kitakachompata akifungua mdomo. Kadi itachanwa. Jina lake litaandikwa langoni. Mwezi wa tisa, uchungu wake ukifika, ataambiwa aende akazalie anakojua. Na nyumbani kwao Sarang'ombe mtoto wake wa kwanza alizaliwa sakafuni, akamchana vibaya, na alishaapa kwamba hatarudia. Yote hayo yalimpita kichwani, akayaona vizuri. Alisimama kama muda wa kuhesabu mpaka ishirini. Ishirini ni nyingi, ukiwa na mtoto kwenye beseni.

"Daktari," akasema. "Hiyo kadi ni yangu."

Murunga akainua uso.

"Mildred ni mimi. Huyu anaitwa Jentrix, Jentrix Nekoye, bibi ya Khamala. Hana kadi. Wiki ishirini na sita ni hii hapa." Akajigusa tumbo. "Yake si hiyo."

"Yake ni ngapi?"

"Wiki mimi sijui kuhesabu. Lakini Krismasi tulipanda basi moja kwenda nyumbani, na huyu alitapika kutoka Nakuru mpaka Eldoret. Kondakta akataka kumshusha. Mimi wakati huo sikuwa na kitu tumboni. Yeye alikuwa ameshakosa siku zake mwezi mzima. Hesabu wewe."

Murunga alihesabu. Hakuna hesabu aliyowahi kuifanya haraka namna ile. Aliinuka, na kiti kikaanguka nyuma yake, na alipofika dirishani alifunua kitambaa na kuushika ule mguu, akauona unyayo, mistari imeshuka mpaka katikati, na macho ya mtoto yamefunguka, yanamtazama au yanatazama dirisha. Midomo ilikuwa ya buluu.

"Mpira wa kamasi," akasema. "Mtungi. Maji ya moto kwenye chupa. Sista, haraka!"

Musimbi alikuwa ameshaviandaa vyote. Tangu lini, hakuna anayejua.

Dakika ishirini na tatu mtoto alikuwa amekaa kwenye lile beseni. Murunga alivuta kamasi kwa ule mpira, akamwekea kifuniko usoni, akabana mfuko, akaachia, akabana. Alijikemea kwa Kibukusu. Kwa muda kifua kilikataa. Kisha kikapanda chenyewe mara moja, kikangoja, kikapanda tena, na rangi ikaanza kurudi kutoka mdomoni kwenda mashavuni, polepole. Mtoto akalia. Safari hii hakuna aliyesema ni hewa.

Walimpima. Kilo moja na gramu mia tatu na hamsini. Mdogo kwa wiki zake, kwa sababu mama yake alikuwa akibeba maji na kufua mpaka jana yake, lakini mtoto wa wiki thelathini na mbili, labda tatu, mwenye kila haki ya kuanzwa hata kwa sheria ya Murunga mwenyewe. Chumba cha joto hapakuwa nacho. Musimbi akamfungua Jentrix vifungo vya gauni, akamtia mtoto uchi kifuani, ngozi kwa ngozi, akawafunga pamoja kwa leso na kuwafunika blanketi mbili. Jentrix alicheka na kulia kwa pamoja, akamwambia kila mtu aliyepita asante, hata yule wa kufagia.

Mildred aliketi kwenye benchi la ukumbini akingoja adhabu. Daktari alipokuja, alisimama.

"Kaa, mama." Murunga akampa kadi yake, nzima, haijachanwa. "Huyu mwenzako ataandikiwa ya kwake leo. Wewe endelea na Jumanne zako. Ukishikwa na uchungu njoo, hakuna atakayekuuliza."

Mildred aliigeuza kadi mara mbili, hakuamini. Na mtu aliyetolewa hofu ghafla hulegea ulimi. "Asante, daktari. Aki asante. Mimi nilijua leo nimekwisha. Unajua si kupenda kwetu. Ni hiyo Jumanne. Kwa ploti yetu mimi peke yangu ndio siendi kazi, bwana yangu hataki. Kwa hivyo mimi naenda kliniki, kadi inatumika na yule ameshikwa na uchungu."

"Imetumika na wangapi?"

"Hii? Hii ni Jentrix tu. Ile ya kwanza ndio ilitembea." Akafikiri. "Ile ya sabini na nne. Ilitumiwa na Nasipwondi. Mlango wa tatu kutoka kwangu. Lakini yeye hakuwa na bahati, alirudi mikono mitupu. Mimi nilikuwa na miezi mitano na kitu, yeye alikuwa na minane. Mlimwambia mimba ilitoka, ilikuwa changa. Tukasema basi, ni kazi ya Mungu."

Alisema hivyo bila kumshtaki mtu. Alikuwa akisimulia tu habari za jirani. Kisha akaona uso wa daktari, akaitia kadi kifuani.

Murunga alikwenda ofisini, akafunga mlango, akatoa rejista za nyuma. Hakutafuta sana. Oktoba 1974: Mildred Awiti, wiki ishirini na nne, mimba imetoka. Februari 1975: Mildred Awiti, mtoto hai, kilo tatu na robo. Mwanamke mmoja aliyeharibu mimba mwezi wa kumi na kuzaa mtoto mnono mwezi wa pili, na mistari yote miwili ilikuwa mwandiko wake yeye, Simeon Murunga, wino ule ule. Hakuwa ameona. Akarudi mwanzo, akahesabu wote aliowaandika chini ya ishirini na nane tangu sheria ianze. Kumi na saba. Kati ya hao kumi na saba alijua sasa habari za mmoja, na hata huyo alikuwa ameandikwa kwa jina la mtu mwingine. Waliobaki kumi na sita, wangapi walikuja na kadi zao na wangapi na za majirani, hakuna kitabu kitakachomwambia.

 Alikaa mle ndani mpaka saa ya chakula ikapita.

"Yuko wapi sasa huyu Nasipwondi?" alimuuliza Mildred siku ya pili, alipokuja kumletea Jentrix uji.

"Walihama. Yuko huku huku Kawangware, Forty-Six. Anauza mboga kando ya kinu cha unga."

Sista Musimbi alimshauri asiende. Oktoba ile yeye alikuwa likizo kwao, na mkunga aliyempokea mtoto alikuwa wa muda tu, ameshahamia Mombasa na hakuacha anwani, kwa hiyo hakuwa na la kukumbuka wala la kujitetea. Alisema tu alivyoona yeye. "Mwanamke wa watu ameshalia akamaliza, daktari. Ukienda unamfukulia. Si wewe husema mama asitwishwe mzigo wako?"

Murunga akaenda hata hivyo. Na tusimsifu bure: alikwenda kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa hali wala halali. Jumamosi alasiri alivaa tai, akakumbuka akaivua, akaiweka mfukoni, akashuka mpaka Forty-Six kwa miguu. Kinu alikisikia kabla hajakiona. Kando yake kulikuwa na meza ya mbao, mrenda na kunde juu yake, na nyuma ya meza mwanamke mwembamba aliyekuwa akifunga mafungu kwa nyuzi za migomba. Alikuwa na miaka thelathini, labda chini ya hapo. Aliinua macho, akamtambua mara moja. Kunde zikamdondoka.

"Mulembe, mama."

"Mulembe, daktari." Alikuwa amesimama wima kabisa. "Ni mambo ya ile kadi."

"Ndiyo, lakini..."

"Nilijua mtakuja siku moja. Nisamehe, daktari." Alianza kusema haraka haraka, mikono ameikunja mbele. "Sikuwa na njia ingine. Nilikuwa nafua kwa Wahindi, hawakuwa wanatoa ruhusa. Na mimi nilikuwa na minane, nilikuwa najua, nilikuwa nimehesabu. Mliposema imetoka nilitaka niseme. Lakini nikaona nikifungua mdomo watanifukuza na kondo bado iko ndani. Nikanyamaza. Kama ningesema, hangekufa. Ni mimi nilimuua. Bwana yangu sijawahi kumwambia mpaka leo. Usimwambie."

Murunga alikuwa amepanga maneno njiani. Yote yalimpotea. Alikuja kuomba, na hapa anaombwa.

"Si wewe," akasema. "Nisikilize. Si wewe. Kadi ni karatasi. Mtoto alikuwa pale, hatua tatu kutoka kwangu, na ningemgeuza tu ningeona kwamba si wa miezi sita. Sikumgeuza. Nilisoma kadi, nikamwacha. Mkosaji ni mimi, na nimekuja kukuambia hivyo."

Nasipwondi alimtazama. Akainama, akaokota kunde moja baada ya nyingine, akazipangusa mchanga. Kinu kikanguruma. Alipoinuka mikono ilikuwa imetulia, ila sauti ilikuwa imebadilika.

"Kwa hivyo alikuwa wa kuishi."

"Wa miezi minane wengi huishi. Siwezi kukuapia, lakini wengi huishi."

"Alilia mara tatu. Mkasema ni hewa."

"Mimi nilisema hivyo."

Mteja akaja, akataka mrenda wa kutosha watu watano. Nasipwondi akampimia, akamfungia, akamwambia aongeze magadi kidogo ndiyo ulainike. Mteja akaondoka. Murunga alikuwa bado amesimama pale pale, mtu mzima asiyejua mikono yake aiweke wapi.

"Daktari," Nasipwondi akasema, na sasa alimwangalia usoni bila woga, kwa mara ya kwanza. "Alikuwa kijana ama msichana?"

Murunga akaingiza mkono mfukoni, akaishika ile tai.

"Hakuna mtu aliniambia. Nyumbani waliniuliza nikasema sikuona, mlimtoa haraka. Mama yangu anasema aliyelia ni mtu, lazima awe na jina. Nilikuwa nimeweka mawili. La baba yangu kama ni kijana, la nyanya yake kama ni msichana. Huu mwaka wa pili nakaa nayo yote mawili, sijui nimwite gani."

Ukurasa ule wa rejista Murunga alikuwa ameushika kwa moyo. Jina, tarehe, wiki, na pale panapoandikwa wa kiume au wa kike palikuwa na kistari, kimepigwa kwa rula, kama kilivyopigwa kwa wote kumi na saba. Angeweza kusema lolote. Kijana, angesema, na mwanamke huyu angefunga meza, aende nyumbani akamwite mtoto wake. Alilifikiria hilo, tena si kwa haraka.

"Sijui, mama," akasema.

"Si ulikuwa hapo?"

"Nilikuwa hapo."

"Na hata hilo hukuangalia?"

"Hata hilo."